Ubuyu wa Tandale: Kilichomo, Kisichokuwamo na Wanaouokota

Soko la Tandale, katika Manispaa ya Kinondoni, lina sifa ya nafaka. Mahindi, mchele, maharage na ulezi hushushwa hapo kutoka mikoa ya bara, na kando ya magunia hayo hukaa magunia ya ubuyu uliookotwa Dodoma, Singida, Iringa na Morogoro. Kutoka hapo ubuyu hufuata njia tatu. Sehemu hupondwa na kuchekechwa kuwa unga wa juisi na uji. Sehemu hupikwa kwa sukari, iliki, pilipili na rangi, ukawa ule ubuyu mwekundu wa kumung'unya unaofungwa katika vifuko vidogo na kuuzwa kwenye magenge na milango ya shule. Mbegu zinazobaki hukamuliwa mafuta.

Mbuyu, ambao wanasayansi huuita Adansonia digitata kwa heshima ya Mfaransa Michel Adanson aliyeuchunguza Senegal katika karne ya 18, umelisha watu wa nyanda kavu za Afrika tangu zama zisizo na kumbukumbu. Nchi tajiri zilichelewa kuujua. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula kipya mwaka 2008, na Marekani ikafuata mwaka 2009. Tangu hapo tunda hili limepewa majina makubwa katika maduka ya ng'ambo, na majina hayo yamerudi nyumbani yakiwa yamevimba zaidi. Inasemwa kwamba ubuyu unaongeza damu, unashusha shinikizo la damu, unatibu kisukari na kusafisha figo. Baadhi ya madai hayo yana chembe ya ukweli. Moja kati ya hayo, kwa mgonjwa asiyefaa, linaweza kuua.

Ubuyu na damu ya mjamzito

Dai linalosikika zaidi katika kliniki za wajawazito ni la kuongeza damu, na ndilo linalostahili kuchambuliwa kwa kina, kwa sababu upungufu wa damu ni tatizo kubwa nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59, walikuwa na upungufu wa damu. Mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu; akishuka chini ya 7, hali ni mbaya, na kutokwa na damu kidogo tu wakati wa kujifungua kunaweza kugharimu maisha yake.

Mama wa aina hii hupewa vidonge vya madini chuma na folik asidi. Vidonge humletea kichefuchefu, choo kigumu na cheusi. Jirani humwambia kwamba ubuyu hufanya kazi ileile bila maudhi hayo, naye huacha vidonge na kunywa juisi kila siku kwa moyo safi. Mwezi unaofuata himoglobini imeshuka, na mhudumu anamuuliza kwa ukali kwa nini hatumii dawa. Ukali huo hausaidii. Kinachosaidia ni hesabu.

Vipimo vya maabara kuhusu madini chuma katika ubuyu hutofautiana sana kutoka mti hadi mti na udongo hadi udongo, lakini hata tukichukua kiasi cha juu cha miligramu 10 katika gramu 100 za unga, kijiko kikubwa kilichojaa, ambacho ni takriban gramu 10, kitampa mama miligramu 1 tu. Tena chuma hicho ni cha mimea, ambacho utumbo hufyonza sehemu ndogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini chuma pamoja na miligramu 0.4 za folik asidi. Ili kufikia miligramu 60 kwa ubuyu peke yake, mama angelazimika kula zaidi ya nusu kilo ya unga kwa siku, jambo ambalo tumbo lake halingelistahimili.

Hata hivyo dai la jirani si uzushi mtupu. Ubuyu una vitamini C nyingi. Vipimo vingi huweka kiasi chake kati ya miligramu 150 na 500 katika gramu 100 za unga, wakati chungwa lina takriban miligramu 50 kwa uzito huohuo. Vitamini C hubadili madini chuma ya mimea kuwa katika hali ambayo utumbo huifyonza kwa urahisi, na huyazuia yasinaswe na vikwazo vilivyomo katika nafaka na kunde. Mama anayekula ugali, maharage na mchicha, kisha akanywa juisi ya ubuyu pamoja na mlo huo, atapata chuma kingi zaidi kutoka kwenye maharage na mchicha kuliko mwenzake aliyeshushia kwa chai ya rangi. Chai na kahawa hufanya kinyume, na ni vema zisogezwe saa moja au mbili mbali na chakula na vidonge.

Kwa hiyo jibu sahihi kwa mama huyo ni kumruhusu ubuyu wake na kumrudishia vidonge vyake, avimeze pamoja na juisi hiyo. Nyuzinyuzi za ubuyu zinaweza hata kumpunguzia choo kigumu kilichomfanya akimbie dawa. Mhudumu asisahau kwamba upungufu wa damu una vyanzo vingine, malaria na minyoo vikiwamo, ambavyo hakuna tunda linaloviondoa.

Jambo dogo la jikoni lina uzito hapa. Vitamini C huharibiwa na moto. Unga wa ubuyu unaotiwa katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita utiwe baada ya uji kuepuliwa na kupoa kidogo. Ubuyu mwekundu uliochemshwa katika sukari umepoteza sehemu ya sifa hiyo, hivyo uhesabiwe kuwa peremende. Tena ubuyu una protini kidogo mno. Mtoto anayelishwa uji wa mahindi na ubuyu bila dagaa, karanga, maharage au maziwa bado atadhoofika, hata kama uji wake una ladha nzuri.

Sukari ya damu, na sukari ya kwenye glasi

Karibu nusu ya uzito wa unga wa ubuyu ni nyuzinyuzi, na sehemu kubwa yake huyeyuka katika maji na kuwa kama ute. Ute huo hupunguza kasi ya chakula tumboni. Mwaka 2013 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio dogo ambamo watu wenye afya walikula mkate mweupe pamoja na kinywaji cha ubuyu. Sukari yao ya damu ilipanda kidogo kuliko walipokula mkate bila ubuyu. Ni habari njema, lakini ilihusu watu wachache, wasio na kisukari, kwa mlo mmoja. Hakuna aliyeacha dawa katika jaribio lile.

Juisi inayouzwa mitaani Tandale, Manzese na Mwananyamala haifanani na ya maabara. Ubuyu ni mchachu, na uchachu huo huzimwa kwa sukari. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hadi 5, na glasi moja yaweza kubeba vijiko vinne au zaidi. Mgonjwa wa kisukari anayekunywa glasi tatu kwa siku akiamini anajitibu anajiongezea gramu 50 au 60 za sukari. Akiupenda ubuyu, akoroge unga katika maji au mtindi bila sukari, aupunguze mpaka ulimi uuzoee, na aendelee na vidonge au insulini kama alivyoandikiwa.

Pale ambapo ubuyu ni hatari

Katika gramu 100 za unga wa ubuyu kuna potasiamu ambayo vipimo vingi huiweka zaidi ya gramu 1, na vingine huipandisha hadi zaidi ya gramu 2. Kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu na figo zilizo timamu, potasiamu ya vyakula ni rafiki: husaidia mwili kutoa chumvi na kulegeza mishipa. Hapo dai la kushusha presha lina msingi, ingawa halifanyi ubuyu kuwa dawa.

Figo zinapochoka, mambo hugeuka. Potasiamu hutolewa mwilini hasa na figo, na figo zikishindwa hubaki ndani ya damu. Kiwango cha kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, kikipita 6.5 moyo unaweza kupiga ovyo au kusimama, mara nyingi bila dalili ya kutangulia isipokuwa udhaifu wa misuli. Wagonjwa wengi wanaosafishwa damu kwa mashine huelekezwa wasipite takriban gramu 2 za potasiamu kwa siku kutoka vyakula vyote. Glasi moja nzito iliyotengenezwa kwa gramu 30 za unga yaweza kubeba miligramu 300 hadi 600. Glasi tatu za namna hiyo zinaweza kukaribia kumaliza mgao wote wa siku kabla hajaonja ndizi, viazi, maharage wala nyanya.

Inasikitisha kwamba huyu ndiye mtu anayeambiwa kwamba ubuyu husafisha figo. Hauzisafishi. Mgonjwa wa figo aliyefikia hatua za mwisho, au anayesafishwa damu, asitumie unga au juisi ya ubuyu bila ruhusa ya daktari wake. Tahadhari hiyohiyo iwahusu wanaotumia spironolaktoni, na wale wenye figo dhaifu wanaotumia enalaprili au losatani, kwa kuwa dawa hizo nazo hubakiza potasiamu mwilini. Mhudumu anayejaza kadi ya mgonjwa wa shinikizo la damu aulize pia anakunywa nini nyumbani. Wagonjwa wengi hawatautaja ubuyu kwa sababu hawauhesabu kuwa dawa, na kwa kweli wako sahihi.

Wagonjwa wa selimundu wana hoja yao. Damu yao hupungua kwa sababu chembe nyekundu huvunjika kabla ya wakati, na kwa kawaida sababu si ukosefu wa chuma. Aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa amelimbikiza chuma kupita kiasi katika ini na moyo. Kumsukumia mtoto wa selimundu majagi ya ubuyu ili kuongeza damu hakugusi chanzo cha tatizo. Ubuyu kidogo kama kiburudisho hauna neno, na maji mengi yanamfaa. Ila kinachomlinda ni folik asidi, kinga dhidi ya malaria, chanjo, haidroksiyurea kwa anayestahili, na kutokosa kliniki.

Mbegu katika koo la mtoto

Ubuyu wa kumung'unya una mbegu ngumu, laini kwa nje, yenye ukubwa unaotosha kuziba njia ya hewa ya mtoto mdogo. Mtoto wa chini ya miaka mitano hana magego kamili wala uangalifu wa kumung'unya huku akicheka na kukimbia. Asipewe ubuyu wenye mbegu, hata kama kaka zake wanakula.

Mbegu ikiingia, mtoto hupaliwa ghafla, hukohoa kwa nguvu, pengine hubadilika rangi. Akiweza kukohoa na kulia, aachwe akohoe huku akipelekwa hospitali. Asipoweza kutoa sauti, apigwe mapigo matano ya kiganja katikati ya mabega, kichwa kikiwa chini kidogo. Ikishindikana, aliyepita mwaka mmoja abanwe tumbo mara tano kuelekea juu, juu ya kitovu na chini ya mbavu, na aliye chini ya mwaka mmoja abonyezwe kifua mara tano. Mzunguko huo urudiwe. Kidole kisiingizwe kooni kutafuta kisichoonekana, kwa maana husukuma mbegu ndani zaidi.

Hatari ya pili ni ya kimya, nayo huwapita hata wahudumu wenye uzoefu. Mbegu hupita koo, ikatulia katika bomba la pafu moja. Kikohozi cha ghafla hukoma, mzazi akashukuru Mungu. Baada ya siku au wiki mtoto huletwa akiwa na homa na kukohoa, akatibiwa nimonia; hurudi akikoroma, akapewa dawa ya pumu. Mbegu haionekani katika picha ya eksirei kama sarafu ionekanavyo, na picha yenyewe yaweza kuwa ya kawaida kabisa. Nimonia inayorudi mahali palepale, au mkoromo wa upande mmoja wa kifua, imtake mhudumu aulize swali moja tu: je, aliwahi kupaliwa akila kitu? Jibu likiwa ndiyo, apewe rufaa kwenda kwenye hospitali yenye wataalamu wa kuchungulia njia ya hewa, hata kama anaonekana mchangamfu siku hiyo.

Kuhusu rangi, ubuyu hauna wekundu kwa asili. Nyama yake ni nyeupe ya maziwa. Wekundu hutiwa. Rangi ziko zilizoruhusiwa kwa chakula na ziko za nguo na mikeka, na kwa macho hazitofautiani. Mtengenezaji atumie rangi yenye lebo ya chakula, na mnunuzi asione haya kuuliza.

Mafuta ya ubuyu

Mwanzoni mwa muongo wa 2010 mafuta ya ubuyu yalitapakaa Dar es Salaam yakinadiwa kuwa tiba ya takriban kila ugonjwa, na wataalamu wa lishe nchini wakalazimika kutoa tahadhari. Mbegu ya mbuyu ina mafuta mazuri ya aina kadhaa, lakini pia ina asidi mbili, ya malvaliki na ya sterkuliki, ambazo katika wanyama wa majaribio zimeonekana kuvuruga namna mwili unavyotengeneza na kutumia mafuta. Kwa samaki aina ya trauti zilizidisha uwezo wa sumukuvu kusababisha saratani ya ini. Binadamu si samaki, ila katika nchi ambayo sumukuvu katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, hoja hiyo haipuuzwi. Joto kali na usafishaji wa kiwandani hupunguza asidi hizo. Mafuta mabichi yaliyokamuliwa uani hayajapitia hatua hiyo. Kupaka ngozini hakuna ubaya kwa wengi. Kunywa kijiko asubuhi na jioni kama dawa hakushauriwi.

Usafi wa juisi

Uchachu wa ubuyu huwafanya wengi waamini kwamba vijidudu haviishi ndani yake. Uchachu ni kinga kiasi, lakini huisha unga unapochanganywa na maji mengi, sukari na barafu. Kipindupindu kilichoanza Kinondoni Agosti 2015 kabla ya kuenea mikoani kiliwakumbusha wakazi wa kata hizi kwamba maji ndiyo mlango. Juisi itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, barafu iwe ya maji hayohayo, na chupa zilizookotwa zisijazwe tena. Mtoto mwenye kuhara asitibiwe kwa ubuyu, ijapokuwa ni desturi ya siku nyingi. Apewe ORS na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi sita, na aendelee kunyonya.

Upande wa wanaookota

Vijiji vya Wagogo na majirani zao katika nyanda kavu huuthamini mbuyu kwa sababu isiyohusu vitamini: unazaa mahali ambapo mahindi hukauka. Mizizi na shina lake lenye kuhifadhi maji huuvusha katika miaka ya ukame. Matunda hukomaa wakati wa kiangazi, na nyama yake hukauka yenyewe ndani ya ganda, kiasi kwamba buyu zima lililowekwa mahali pakavu hukaa miezi bila jokofu wala dawa. Kaya inaweza kula kiasi, ikauza kiasi, na ikaweka kiasi kwa ajili ya miezi ya njaa kabla ya mavuno mapya.

Waokotaji wengi ni wanawake na watoto. Kazi yao ni kuokota, kupasua, kutenganisha na kukausha, na fedha yake mara nyingi hubaki mikononi mwa mama, ambako hununua sabuni, daftari na nauli ya zahanati. Lakini faida kubwa huchumwa baadaye, na aliye karibu na mlaji. Ubuyu ni mwepesi na hujaza gunia upesi. Ukiuzwa kwa gunia la lumbesa badala ya mizani, mwokotaji hupunjwa bila kujua kwa kiasi gani. Kikundi kinachonunua mizani moja na kuuza unga uliochekechwa, mkavu, katika mifuko safi iliyofungwa, hupata zaidi kwa mti uleule. Unga ukivuta unyevu huota ukungu, hivyo ukausheni juu ya vichanja au mikeka safi, kamwe isiwe ardhi tupu. Usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019, na SIDO husaidia wajasiriamali wadogo katika usindikaji na ufungashaji.

Liko jambo linalowatia wasiwasi wanaoufahamu mti huu. Mibuyu mikubwa inaonekana kila mahali, ila miche michanga ni adimu, kwa kuwa mbuzi na ng'ombe huila ikiwa bado laini. Mti uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, mara nyingi zaidi ya kumi. Kubebesha kikonyo cha mti uzaao vizuri juu ya mche hufupisha muda huo hadi miaka michache, na uzio wa miiba unatosha kuulinda mche dhidi ya mifugo. Maua yake hufunguka usiku, yakachavushwa na popo, na kunyauka siku inayofuata. Kijiji kinachowafukuza popo kwa moshi kinajipunguzia mabuyu. Magunia yanayoshushwa Tandale leo yametoka kwenye miti iliyoota kabla ya babu wa mwokotaji kuzaliwa.